Ardhi Nayo Inapumua: Somo kuhusu Kupima Hewa ya Ukaa



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo halikuwa katika mpango wetu wa mwaka. Limetokana na swali tuliloulizwa Mtera, kando ya bwawa, katika kikao cha kamati ya parokia. Mgeni mmoja alikuwa amewatembelea akiwa na karatasi za mkataba. Aliwaeleza kwamba miche waliyopanda inavuta hewa ya ukaa, kwamba hewa hiyo ina wanunuzi nje ya nchi, na kwamba wakitia saini wataanza kulipwa. Alipoondoka, katekista wa kigango akatuuliza: "Mahindi yanapimwa kwa debe na ng'ombe kwa mzani. Hewa ataipimaje?"

Hatukuwa na jibu la kutosha. Kibaya zaidi ni kwamba swali hilo lilitugusa na sisi wenyewe. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiandika katika taarifa zetu kwa wafadhili idadi ya miche tuliyogawa. Mfadhili mmoja alipotaka kujua ni tani ngapi za hewa ya ukaa zimevutwa, tulichukua idadi ile ya miche tukaizidisha kwa namba tuliyoikuta katika kipeperushi. Hatukwenda kwanza shambani kuangalia ni mingapi iliyokuwa bado hai. Tulipokwenda baadaye, mwishoni mwa kiangazi, tulikuta mashimo mengi matupu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka, na mingine haikupandwa kabisa.

Hivyo basi somo hili ni letu sote. Baada ya kulisoma, tunatarajia kwamba kila kamati itaweza:

1. Kueleza jinsi ardhi, mimea na maji vinavyopokea na kutoa hewa ya ukaa.
2. Kueleza kwa ufupi jinsi wataalamu wanavyoipima.
3. Kufanya vipimo rahisi vilivyo ndani ya uwezo wa parokia.
4. Kutofautisha kati ya hesabu iliyopimwa na hesabu ya kukisia.

1. Mapato na matumizi

Hewa ya ukaa, ambayo vitabu vya shule huiita kabonidayoksaidi, ni kidogo sana katika hewa tunayovuta. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwaka 2024 wastani wa mwaka katika kituo hicho ulikuwa umepita 420. Ongezeko hilo limetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na pia na kufyeka misitu. Hewa hii huzuia joto la dunia lisitoke kwa urahisi, ndiyo maana dunia inazidi kupata joto.

Mchana, jua likiwaka na udongo ukiwa na unyevu, majani huvuta hewa ya ukaa na kuitumia kujenga mti, nyasi na punje za mtama. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini mti huohuo unapumua usiku na mchana, na unapopumua hurudisha sehemu ya hewa ile. Mizizi inapumua, mchwa wanapumua, na ng'ombe hali kadhalika. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanaokula majani makavu na samadi ndani ya udongo, nao wanapumua. Moto wa porini hurudisha kwa saa moja kile kilichojengwa kwa msimu mzima.

Hebu tumfikirie mweka hazina wa parokia. Akisimama Jumapili na kusoma mapato ya sadaka peke yake, bila kutaja matumizi, waumini watakuwa wamejua kiasi gani kimebaki? Hapana. Ndivyo ilivyo kwa ardhi. Kinachotakiwa kujulikana ni salio, yaani hewa iliyoingia ukiondoa iliyotoka. Mtu anayetaja miti iliyopandwa tu amesoma mapato, na tena mapato yanayotarajiwa. Hajasoma matumizi.

2. Mvua ya kwanza: somo kutoka Muguga

Sisi wa nyanda za kati tunaijua harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogonga ardhi iliyokauka tangu Mei. Wazee wetu wanajua pia kwamba mtama uliopandwa mapema, mvua zinapoanza, huwa na kijani kilichokolea kuliko ule uliochelewa. Wengi wetu hatujui kwamba jambo hili lilichunguzwa hapahapa Afrika Mashariki, na kwamba wanasayansi wa dunia nzima hulitaja hadi leo.

Mtafiti aliyeitwa H. F. Birch alifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Alichukua udongo, akaukausha, akaulowesha tena, kisha akapima hewa ya ukaa iliyotoka. Mwaka 1958, mwaka uleule Keeling alipoanza kupima Mauna Loa, Birch alichapisha matokeo yake. Aliona kwamba udongo mkavu ukiloweshwa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi na kwa ghafla, kisha kasi hupungua siku zinazofuata. Ukikauka tena na kuloweshwa tena, jambo hilo hurudia. Aidha, kadiri udongo ulivyokaa mkavu muda mrefu, ndivyo mlipuko huo ulivyokuwa mkubwa. Leo wataalamu huliita tukio hili kwa jina lake: athari ya Birch.

Sababu yake ni kwamba wakati wa kiangazi vijidudu vingi vya udongo hufa au hulala. Maji yanapokuja, waliobaki huamka na kula mabaki yaliyokusanyika, na kwa kula huko wanapumua kwa nguvu. Wakati huohuo huachia naitrojeni, ambayo ni chakula cha mimea. Mazao yaliyopandwa mapema huipata naitrojeni hiyo kabla mvua kubwa haijaizamisha chini ya mizizi. Wazee wetu waliosisitiza kupanda mapema walikuwa na hoja iliyothibitishwa na vipimo.

Kwa somo letu kuna jambo la kuzingatia. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiangazi chetu ni kirefu. Siku chache za mwanzo wa mvua zinaweza kutoa hewa nyingi ambayo mtu anayepima mwezi Julai hataiona hata kidogo. Mwenye kupima mara moja kwa mwaka ni kama mwenye kukagua hesabu za parokia kwa kuangalia Jumapili moja tu.

3. Wataalamu wanapimaje?

Zipo njia kuu tatu.

*Njia ya kisanduku.* Chombo chenye mfuniko huwekwa juu ya udongo kwa dakika chache, na kifaa hupima jinsi hewa ya ukaa inavyoongezeka ndani yake. Kadiri inavyoongezeka upesi, ndivyo udongo unavyopumua kwa kasi. Juu ya maji hutumika kisanduku kinachoelea kama boya. Njia hii inaeleweka kirahisi, lakini hupima eneo dogo la ukubwa wa sufuria, na udongo hutofautiana sana hatua moja hadi nyingine. Chini ya mgunga si sawa na kichuguu, wala kichuguu si sawa na njia ya mifugo.

*Njia ya mnara.* Mnara hujengwa juu kuliko miti. Juu yake hufungwa vifaa viwili. Kimoja hupima upepo kwa mawimbi ya sauti, na hutambua kama hewa inapanda au inashuka. Cha pili hupima kiasi cha hewa ya ukaa kwa kutumia mionzi isiyoonekana kwa macho. Vyote viwili hupima mara 10 au 20 kwa kila sekunde. Ikiwa hewa inayoshuka ina ukaa mwingi kuliko inayopanda, ardhi inavuta. Ikiwa inayopanda ndiyo yenye ukaa mwingi, ardhi inatoa. Vipimo hivyo hujumlishwa kila nusu saa, mchana na usiku, mwaka mzima, na huwakilisha eneo la mamia ya mita upande upepo unakotoka.

Afrika ina minara michache. Mmoja umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2000 huko Skukuza, Afrika Kusini, katika mbuga ambayo mvua yake inakaribiana na ya Dodoma. Mwingine ulijengwa katika msitu wa miombo karibu na Mongu, Zambia. Mwaka 2020 mnara wa mita 55 ulisimamishwa Yangambi, Kongo, katikati ya msitu mkubwa wa mvua. Mwaka 2009 watafiti waliunganisha vipimo vya maeneo 11 ya Afrika na kuonyesha kwamba mvua ndiyo inayotawala kupumua kwa ardhi zetu. Huko Skukuza vipimo vya miaka kadhaa vilionyesha jambo la kuwafikirisha wapanda miti wote: eneo lilelile, lenye miti ileile, mwaka mmoja lilivuta hewa na mwaka mwingine likatoa. Tofauti ilifuata mvua.

*Njia ya kupima miti.* Badala ya kupima hewa yenyewe, tunapima kile ambacho hewa imegeuka kuwa, yaani mti. Tukijua uzito wa mti baada ya kukauka, karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Kaboni hiyo ikizidishwa kwa 44 na kugawanywa kwa 12, tunapata uzito wa hewa ya ukaa iliyotumika kuujenga. Kwa mfano, tuseme mti ukikaushwa una kilo 100. Kaboni yake ni kama kilo 50, na hewa ya ukaa ni kama kilo 183. Tukirudi kupima baada ya miaka miwili au mitatu, tunaona salio limeongezeka au limepungua.

Njia hii ya tatu ndiyo iliyo karibu na uwezo wetu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akiwemo Eliakimu Zahabu, waliwafundisha wanavijiji kupima misitu yao, ikiwemo ya eneo la Kitulangalo. Vipimo vya wanakijiji vililinganishwa na vya wataalamu, na vilikaribiana. Mwanakijiji aliyefundishwa vizuri na anayerudi kwenye ploti ileile kila mwaka anaaminika.

4. Bwawa nalo linapumua

Wasomaji wetu wa Mtera watauliza kuhusu maji yaliyo mbele ya macho yao. Bwawa la Mtera lilijengwa kati ya mwaka 1975 na 1979 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu kilicho chini yake. Baadaye Mtera yenyewe iliwekewa mitambo ya megawati 80. Likijaa, bwawa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Ardhi iliyofunikwa ilikuwa na vichaka, nyasi na miti.

Mimea ikizama huoza. Ikiozea mahali penye oksijeni hutoa hewa ya ukaa, na ikiozea katika tope lisilo na oksijeni hutoa pia methani, ambayo kilo kwa kilo huongeza joto zaidi ya hewa ya ukaa. Katika bwawa la Petit Saut, huko Guiana ya Ufaransa, lililoanza kujazwa mwaka 1994, watafiti walipima kwa miaka kumi. Waliona utoaji ukiwa mkubwa miaka ya mwanzo kisha ukipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Mtera ni bwawa la zamani, kwa hiyo kipindi hicho cha mwanzo kilishapita.

Hata hivyo, Mtera ina tabia nyingine. Maji yake hupanda na kushuka sana. Kati ya kina cha juu cha mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kile cha chini cha uzalishaji, mita 690, ufuko hurudi nyuma mbali na kuacha tope wazi. Hapo wenzetu hulima mboga na kuchunga mifugo. Mwaka 2021 watafiti waliokusanya takwimu za mabwawa ya dunia nzima walionyesha kwamba tope lililoachwa wazi namna hiyo hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na kwamba hesabu za zamani zilizohesabu uso wa maji peke yake zilikuwa pungufu. Huo nao ni mfano wa kusoma mapato bila matumizi.

Hatusemi haya ili kulaumu umeme wa maji. Mwaka 2006 na 2011, ukame uliposhusha maji ya mabwawa, tulipata mgao mkali wa umeme na nchi ikaegemea mitambo ya mafuta na gesi, ambayo nayo hutoa hewa ya ukaa. Tunasema ili kuonyesha kwamba hakuna kitu kinachopaswa kuitwa "safi" kabla ya kupimwa.

5. Zoezi la kwanza: chupa tatu

Zoezi hili linafaa kwa vijana, wanafunzi na wanajumuiya. Tulilifanya Mtera chini ya mti wa kanisa, na likapendwa kuliko hotuba zetu zote.

Vifaa: chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana na vifuniko, vikombe vitatu vidogo vya kuingia ndani yake, chokaa ya kupaka nyumba, udongo mkavu wa juu kutoka shambani.

1. Koroga vijiko viwili vya chokaa katika lita moja ya maji. Acha itulie usiku kucha. Mimina maji safi ya juu bila kuvuruga masimbi. Maji hayo yasinywewe wala yasiingie machoni.
2. Chupa ya kwanza weka udongo mkavu, konzi mbili. Ya pili weka udongo huohuo kwa kiasi kilekile, lakini ulowanishe uwe na unyevu bila kuwa tope. Ya tatu usiweke udongo.
3. Ndani ya kila chupa simamisha kikombe chenye maji ya chokaa. Funga vizuri.
4. Angalia baada ya siku moja, kisha baada ya siku mbili.

Maji ya chokaa hugeuka meupe yanapokutana na hewa ya ukaa. Yale ya chupa yenye udongo uliolowa yatapata weupe mwingi kuliko mengine. Chupa isiyo na udongo inatusaidia kujua weupe unaoletwa na hewa ya kawaida tu. Mama mmoja alipoona chupa ya pili alisema, "Kumbe shamba langu linahema!" Naam, linahema. Hicho ndicho Birch alichokipima kule Muguga kwa vifaa bora zaidi.

6. Zoezi la pili: futi ya fundi cherehani

1. Chagueni maeneo ya kupima kwa kura, si kwa macho. Tukichagua kwa macho, tutachagua penye miti mizuri.
2. Pimeni ploti ya mita 20 kwa 20, na muweke alama za kudumu kwenye pembe. Ploti 25 za namna hiyo ni sawa na hekta moja.
3. Kwa kila mti, pimeni mzingo wa shina kwa futi ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka chini. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo. Kwa mfano, mzingo wa sentimita 63 ni kipenyo cha kama sentimita 20.
4. Andikeni jina la mti kwa Kigogo au Kihehe, kama mnavyouita. Ofisi ya misitu ya wilaya itasaidia kupata jina la kitaalamu.
5. Andikeni pia miti iliyokufa, visiki vipya, alama za moto na tanuri za mkaa. Hayo ndiyo matumizi.
6. Rudieni mwezi uleule kila mwaka, kwenye ploti ileile.

Kukokotoa uzito wa mti kutokana na kipenyo chake kunahitaji kanuni zilizotengenezwa kwa miti ya Tanzania, na kazi hiyo tuwaachie wataalamu. Tahadhari moja: mbuyu usihesabiwe kama mti mwingine. Shina lake ni nene sana, lakini ndani limejaa maji na nyuzinyuzi. Anayepima mbuyu kwa kanuni ya mninga atajikuta tajiri wa karatasi.

7. Mambo yanayoongeza salio kweli

Mkoa wetu una historia ya kujifunzia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi bila miche mingi kupandwa, ingawa wafugaji walibeba mzigo mkubwa kwa kuhamisha mifugo yao. Tangu mwaka 2018 taasisi ya LEAD Foundation imekuwa ikieneza Kisiki Hai mkoani Dodoma: kuchagua machipukizi ya visiki vilivyo hai, kuyapogolea na kuyatunza hadi yawe miti. Kisiki kina mizizi tayari, ndiyo maana hustahimili kiangazi kuliko mche wa kiriba.

Aidha, tunaweza kupunguza matumizi. Kilimo cha kuberega, cha kukwangua na kuchoma masalia, hurudisha hewani kile ambacho udongo ungekihifadhi. Kuacha mabua shambani, kuweka samadi na kuzuia moto ni kazi zisizopigwa picha sana na wageni, lakini zinaingia katika hesabu.

8. Kuhusu mikataba

Hatusemi biashara ya kaboni ni udanganyifu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wamepokea malipo kwa kulinda misitu yao. Lakini ipo taratibu. Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Vilevile, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kamati ya parokia haiwezi kuiwekea saini ardhi ya kijiji, hata kama miche ilitoka kwetu.

Kabla ya kusaini, tuulize: Mradi umesajiliwa wapi? Nani atapima, mara ngapi, na nani atamkagua? Mkataba ni wa miaka mingapi, na miti ikiungua nani anadaiwa? Wachungaji na wachoma mkaa wameshirikishwa? Nakala ya Kiswahili iko wapi?

Ndugu zetu wa Mtera waliuliza maswali haya. Mgeni aliahidi kurudi na majibu, na hadi tunaandika somo hili hajarudi. Walisikitika, kwa sababu paa la kigango linavuja na fedha ile waliihitaji. Lakini hawadaiwi na mtu.

9. Ahadi yetu kwa wafadhili na kamati

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anatufundisha kwamba mtu huyo huketi kwanza akapiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Sisi tulianza kutangaza mnara kabla ya kuketi. Kwa wale waliopokea kwetu hesabu ya tani isiyopimwa, tunaomba radhi, na tunaifuta hesabu hiyo.

Kuanzia sasa taarifa zetu zitakuwa na safu tatu: miche iliyotolewa, miti na visiki vilivyo hai baada ya viangazi viwili, na vipimo vya ploti za kudumu. Safu ya tani tutaiacha wazi mpaka wataalamu wakokotoe na kuthibitisha. Tunajua namba za safu ya pili zitakuwa ndogo kuliko zile mlizozizoea. Tunawaomba mzipokee hivyo hivyo, kwa kuwa hizo zimesimama shambani na mtu yeyote anaweza kwenda kuzihesabu.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya

1. Katika eneo letu, ni nini kinachoingiza na ni nini kinachotoa hewa ya ukaa? Tengenezeni orodha mbili.
2. Kati ya miche tuliyopokea miaka mitatu iliyopita, mingapi iko hai? Nani ataihesabu, na lini?
3. Wafugaji na wachoma mkaa ni waumini wenzetu pia. Tutawashirikishaje bila kuwafanya wakosaji?
4. Je, tumewahi kutoa taarifa, ya miti au ya fedha, ambayo hatukuipima? Tutaisahihishaje?

Kamati zitakazoweka ploti za kudumu kabla ya mvua zijazo zituletee daftari zao, hata kama zina makosa. Tutazipitia pamoja katika semina ya viongozi. Mungu awabariki, na awape mvua kwa wakati wake.